Nani alimfundisha nani? Kadi ya kliniki, kangaruu na wauguzi wetu

Kama umewahi kufanya kazi kwenye chumba cha habari hapa Bongo basi sentensi hii unaijua kwa moyo: wataalamu kutoka ng'ambo wamewasili nchini kwa lengo la kubadilishana uzoefu na wenzao. Mimi nimeiandika sijui mara ngapi. Wauguzi wa watoto wanakuja kutoka Ulaya au Marekani, wanakaa wiki mbili, kuna ufunguzi, kuna mgeni rasmi, kuna picha ya pamoja na soda. Halafu ukiiomba ratiba yenyewe unakuta wageni wanafundisha Jumatatu mpaka Ijumaa, na wenyeji wanasikiliza Jumatatu mpaka Ijumaa. Sasa hapo kubadilishana kuko wapi? Kubadilishana ni mimi nikupe mchele na wewe unipe samaki.

Siku moja niliingiza swali hilo kwenye habari yangu. Mhariri akalifyeka, akasema nafasi ni ndogo. Hapa kwangu nafasi ipo, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Sisemi kwamba wageni hawana cha kufundisha. Wanacho, na nitafika huko. Ila kila nikichimba historia ya uuguzi wa watoto nakuta mzigo umekuwa ukisafiri pande zote, na mara nyingine umetoka kwetu sisi tunaoambiwa tukae tusikilize.

Tuanze na neno moja tu. Kwashakoo. Wengi tulipolisikia shuleni tulidhani ni Kilatini cha madaktari. Wapi! Ni neno la Kiga, lugha ya watu wa Accra (msiwachanganye na Wakiga wa Uganda, hao ni wengine kabisa). Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimpeleka Gold Coast, Ghana ya leo, daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyesomea Oxford. Akawa anaona watoto wa mwaka mmoja hadi minne wamevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu-nyekundu, ngozi inabambuka. Vitabu alivyokuja navyo havikuwa na jibu. Wanawake wa pale walikuwa nalo. Walimwambia huo ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye titi pale mdogo wake anapokuja.

Ukilitazama vizuri jina hilo utaona kwamba chanzo kimo ndani yake. Mtoto anatolewa kwenye maziwa ya mama, anahamishiwa kwenye uji wa mahindi mtupu, anaanza kuisha. Williams aliuandika ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliingiza jina lenyewe kwenye jarida la The Lancet. Kuna wakubwa wa tiba waliombishia, wakisema hiyo ni pellagra, ugonjwa ambao tayari walikuwa wanaufahamu. Baadaye neno la akina mama wa Accra likaingia vitabu vya dunia nzima, na mwaka 1948 Williams akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto cha Shirika la Afya Duniani.

Hapa pwani yetu sisi tuna neno linalokaa jirani na hilo, la kubemenda. Mtoto akidhoofika wakati bado ananyonya, watu wa mtaani watasema kabemendwa, wazazi hawakuvumilia. Bibi zetu nao waliuona uhusiano kati ya mimba inayofuata na mtoto anayenyauka, ila lawama wakaitupa kitandani badala ya kuitupa kwenye sahani. Mpaka leo kuna mama anayeona haya kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu anajua majirani watasema nini. Muuguzi anayelijua neno hilo na uzito wake anaweza kuzungumza na mama huyo. Muuguzi wa wiki mbili kutoka ng'ambo hawezi, hata awe na digrii tatu.

Haya, tuje kwenye kadi.

Kila mtu aliyezaliwa katika miaka yetu anaijua kadi ya kliniki. Mama anaitunza kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Ndani kuna mistari, na muuguzi anaweka nukta baada ya kukutundika kwenye ile mizani ya kuning'inia, umevalishwa kile kisuruali cha kitambaa, unalia kama unachinjwa. Kadi ya namna hiyo haikubuniwa Geneva. Ilizaliwa Nigeria ya magharibi, kwenye hospitali ya misheni ya Wesley Guild pale Ilesha na kijiji cha Imesi-Ile, kuanzia mwaka 1956.

Daktari Mwingereza David Morley alifika huko akakuta watoto ni wengi mno na daktari ni mmoja. Kwa utaratibu wa Uingereza daktari ndiye anayempima mtoto na muuguzi anasubiri amri. Kwa utaratibu huo foleni ya Ilesha isingeisha hadi Kristo arudi. Kwa hiyo kazi ikageuzwa. Wauguzi na wakunga wa pale ndio wakawa wanampokea mtoto, wanampima, wanampa chanjo, wanamtibu malaria na kuharisha, na wao ndio wanaoamua nani aende kwa daktari. Ikaitwa kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano. Na ili muuguzi aone haraka nani yuko hatarini wakatengeneza chati: umri chini, uzito pembeni, mistari miwili inayopanda kama kingo za barabara. Mtoto akiendelea kupanda kati ya kingo, sawa. Mstari wake ukilala, kuna jambo, hata kama mtoto anacheka.

Hilo la mstari kulala ndilo lililokuwa jipya. Zamani ulisubiri mtoto avimbe miguu ndipo ujue. Sasa muuguzi mwenye elimu ya kawaida, mwenye mizani na kalamu, anaiona kwashakoo miezi kadhaa kabla haijafika. Kingine ni kwamba kadi ilikaa kwa mama nyumbani, si kwenye kabati la hospitali. Kuna madaktari waliolishangaa hilo, eti mama asiyejua kusoma atunze rekodi! Nyie mnawajua mama zetu. Cheti chako cha darasa la saba kiko wapi? Anacho yeye.

Morley aliporudi London akafundisha kwenye Institute of Child Health, na mwaka 1965 akaanzisha shirika la TALC la kusambaza zana za kufundishia kwa bei ya chini. Kadi ikaenea Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Huku kwetu, Tanzania ilipoanza miaka ya 1970 kuwafundisha wahudumu wa afya ya mama na mtoto kwa ajili ya zahanati za vijijini, kupima uzito na kujaza kadi ikawa kazi yao ya kila siku. Kwa maneno mengine, ujuzi ulivunwa kwa wauguzi wa Kinaijeria, ukapitia London, ukatufikia sisi ukiwa na sura ya Kizungu.

Sasa kangaruu. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1978, Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Hospitali ya Instituto Materno Infantil inahudumia akina mama maskini, na watoto njiti wamejaa kuliko inkubeta zilizopo. Watoto wawili, watatu, wanalazwa kwenye kisanduku kimoja cha joto. Mmoja akipata maambukizi wote wamepata. Mama haruhusiwi kukaa na mtoto, na mama asiyemgusa mtoto wiki kadhaa wakati mwingine harudi kumchukua. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanzisha kitu ambacho mwenzake Héctor Martínez Gómez alijiunga kukiendeleza mwaka uliofuata: mtoto aliyetulia awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya matiti, afungwe kwa kitambaa, anywe maziwa ya mama yake, na aruhusiwe kwenda nyumbani mapema huku akirudi kliniki kuangaliwa. Mama mwenyewe ndiye inkubeta.

Historia imeyaandika majina ya madaktari hao wawili. Lakini fikiria nani alikuwa anafanya kazi yenyewe usiku. Nani anamfundisha binti wa miaka 17 amfunge mtoto wa kilo moja na nusu bila kumkunja shingo? Nani anakamua maziwa na kumnywesha tone kwa tone? Nani anamwambia mama alale akiwa ameegemea, asilale chali? Huo ni uuguzi. Na ujuzi wa namna hiyo hauingii kwenye kitabu kirahisi, unaingia mkononi kwa kumwangalia mwenzako.

Habari zikafika Ulaya kupitia UNICEF na waandishi wa habari, kwa makelele mengi. Mwaka 1985 Waingereza wawili, Andrew Whitelaw na Katharine Sleath, waliokwenda Bogotá kujionea, wakaandika kwenye The Lancet kwamba takwimu za kunusurika zilizokuwa zinatangazwa haziwezi kulinganishwa hivihivi na za zamani. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto aliingizwa kwenye mpango akiwa ameshavuka siku zake za hatari, na waliokufa kabla ya hapo hawahesabiwi humo. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi, na ni somo kwetu tunaopenda kuandika vichwa vya habari vya "vifo vyapungua". Lakini angalia kilichofuata. Whitelaw huyohuyo alirudi London akaifanyia majaribio ngozi kwa ngozi kwenye hospitali ya Hammersmith, na matokeo yaliyotoka mwaka 1988 yalionyesha kwamba mama waliowekewa watoto kifuani waliendelea kutoa maziwa muda mrefu zaidi. Alikataa hesabu, hakukataa kifua cha mama.

Wauguzi walikuwa wepesi zaidi. Mwaka 1986 Gene Cranston Anderson, muuguzi na mtafiti wa Kimarekani, pamoja na wenzake akiwemo mkunga wa Uswidi Vivian Wahlberg, waliandika kuhusu kangaruu kwenye American Journal of Nursing, jarida ambalo wauguzi wa wodini wanalisoma. Hapo mambo yakaanza kugeuka. Marekani na Skandinavia hawakuwa na upungufu wa inkubeta. Walichokosa ni mama ndani ya wodi. Walikuwa wamemweka nyuma ya kioo miaka na miaka kwa jina la usafi, na maskini wa Bogotá ndio waliowaonyesha namna ya kumrudisha.

Kisha kangaruu ikaja Afrika, na kwa njia ambayo inanifurahisha sana. Kusini mwa Zimbabwe kuna hospitali ya misheni ya Manama, mbali na kila kitu. Mwaka 1988 walikuwepo pale daktari Nils Bergman na mkunga wa Kiswidi Agneta Jürisoo. Inkubeta hakuna, kumsafirisha mtoto njiti ni kumuua njiani. Wakaamua kumweka mtoto kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kama walivyofanya Bogotá. Kwenye ripoti yao ya mwaka 1994 walisema watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,500 walikuwa wananusurika 10 kwa 100 kabla, na 50 kwa 100 baada ya hapo. Ni hospitali moja ndogo, na yale ya Whitelaw kuhusu hesabu tuyakumbuke hapa pia. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa: kwa nini tunasubiri atulie? Pengine kifua ndicho kinachomtuliza.

Mwaka 1996 wataalamu wakakutana Trieste, Italia, wakakubaliana juu ya jina moja na maana yake. Mwaka 1997 Nathalie Charpak na wenzake wa Bogotá wakatoa jaribio la kisayansi lenye watoto 746. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo. Timu kutoka nchi nyingi zilipanda ndege kwenda Kolombia, daktari na muuguzi pamoja, zikakaa wodini, zikarudi kufundisha kwao. Hivyo ndivyo kubadilishana kunavyotakiwa kuwa: unakwenda pale ujuzi ulipo, hata kama ni nchi yenye matatizo yake.

Lakini lile swali la Manama halikujibiwa vizuri hadi majuzi, na hapa ndipo Dar es Salaam inapoingia. Kati ya mwaka 2017 na 2020 Shirika la Afya Duniani liliratibu jaribio kwenye hospitali tano: Muhimbili hapa kwetu, Kumasi Ghana, Blantyre Malawi, New Delhi India, na Ile-Ife Nigeria. (Ile-Ife ndiyo makao ya hospitali ya chuo kikuu ambayo Wesley Guild ya Ilesha, ile ya kadi, sasa ni tawi lake. Dunia ndogo.) Watoto 3,211 wa uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799. Nusu waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama bado wanahitaji msaada wa kupumua, nusu walisubiri watulie kama mwongozo ulivyosema. Walioanza mapema walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wengine, wakiwa bado kwenye chumba cha uangalizi maalumu, saa moja na nusu hivi.

Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Vifo katika siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza mara moja, na asilimia 15.7 kwa waliosubiri, kwa hiyo kuendelea kuwasubirisha watoto ilikuwa haikubaliki. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa dunia nzima, hospitali za matajiri zikiwemo. Yaani mtoto njiti anayezaliwa leo Ulaya anatunzwa kwa ushahidi uliokusanywa na wauguzi wa Upanga, wa zamu ya usiku, waliojifunza kumhudumia mama aliyetoka kujifungua na mtoto wake kwenye kitanda kimoja. Hiyo ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Nakumbuka tuliipa nafasi gani? Bora nisiseme.

Nilisema wageni wana cha kufundisha, nisije nikaonekana mkabila. Kule Haydom, Manyara, kuna hospitali iliyoanzishwa na wamisheni wa Norwe mwaka 1955. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyobuniwa na madaktari wa watoto wa Marekani, kwa kutumia mwanasesere wa kampuni ya Laerdal ya Norwe. Mkunga anajifunza ndani ya dakika moja ya kwanza kumkausha mtoto asiyelia, kumsugua mgongo, na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Kwenye hospitali nane za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Zawadi ya kweli hiyo, nani atabisha?

Ila Haydom hawakuishia kupokea. Walimweka mtu na saa chumba cha kujifungulia, wakaandika kila kinachofanyika. Wakagundua kwamba baada ya mafunzo ya siku moja wakunga walimpulizia vizuri sana mwanasesere, lakini kwa mtoto halisi hakuna kilichobadilika. Semina, soda, cheti, na kazi ileile! Wakaanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale wodini, mkunga na mwenzake. Hapo ndipo vifo vya siku ya kwanza viliposhuka pale Haydom, kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Toleo la pili la mafunzo hayo la mwaka 2016 likatilia mkazo mazoezi ya mara kwa mara. Wakunga wa Mbulu waliwafundisha waliokuja kuwafundisha, na waliokuja, kwa sifa yao, walisikiliza.

Kuna safari nyingine ya ujuzi ambayo haina picha ya pamoja. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya kanuni za kuajiri watu wa afya kutoka nje, ili nchi tajiri zisikombe wauguzi wa nchi maskini. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi wake wasio na ajira. Siwalaumu wanaokwenda, ukisoma miaka mitatu au minne halafu ukae nyumbani utafanya nini? Lakini muuguzi aliyejifunza kumtunza mtoto wa kilo moja Nairobi akienda kuwatunza wazee Uingereza, sidhani kama hapo tumebadilishana kitu.

Narudi wodini. Saa 17 kwa siku mtoto kifuani. Mama huyo ametoka kujifungua, pengine kwa upasuaji. Anahitaji kitanda chake mwenyewe au kiti cha kuegemea, chakula, choo cha karibu, na mtu wa kumpokea mtoto anapokwenda kuoga. Kangaruu hatuna, kanga tunazo, na mtu wa kumpokea tunaye pia: bibi, mama mkwe, dada wa mume, baba mtoto mwenyewe akikubali kuvua shati. Katika wodi nilizoingia kwa kazi yangu, mtu huyo nimemkuta nje ya geti, kashika kikapu cha uji, anasubiri saa kumi ifike ndipo mlinzi amruhusu kupita.